Hodi kwa Namba Tano

Muuza simu aliniuliza kama ninamnunulia mzee. Nikamwambia hapana, ni ya binti yangu, ana miaka kumi na saba, amemaliza kidato cha nne juzi tu. Akaitazama ile simu, akaifuta vumbi kwa pindo la shati lake, akanipa chenji yangu na kusema nimpe pole.

Kilikuwa kitochi cheusi chenye vitufe vya kubonyeza, tochi kichwani, redio, na mchezo wa nyoka anayekula mpaka anajigonga ukutani. Chaji yake, niliambiwa, inakaa wiki nzima. Nilitoka dukani nimeridhika. Nilikuwa na sababu zangu na nilikuwa nimezipanga vizuri, maana mimi ni karani wa masjala katika ofisi moja hapa Lindi mjini, na mtu akikaa na majalada miaka kumi na tisa huanza kuamini kwamba kila jambo duniani lina namba yake na rafu yake. Sababu ya kwanza ilikuwa binti wa jirani yetu hapa Rasbura, mtoto aliyekuwa na adabu zake mpaka alipopewa simu ya tachi. Tangu siku hiyo akawa anaamkia watu wazima huku ameinamia mkononi, kidole gumba kinapanda na kushuka. Unamwona anacheka, hujui kachekeshwa na nani. Nikasema mwanangu hatacheka na watu nisiowajua. Sababu nyingine sizikumbuki tena, lakini zilikuwepo.

Baba yake anafanya kazi Kilwa Masoko na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipompigia kumwomba ushauri alisema nifanye ninavyoona, ambayo ndiyo kauli yake juu ya kila jambo la nyumba yetu, kuanzia rangi ya milango.

Binti alifungua boksi taratibu. Akaiwasha tochi, akamulika dari, akamulika ukuta, kisha akanimulika mimi usoni.

"Mama," akasema, "umeninunulia tochi."

Nikamwambia inapiga na simu.

"Sawa, mama."

Mzazi yeyote wa kijana anaijua "sawa, mama" ya namna hiyo. Haina ndani yake hata chembe ya kukubali. Nililishwa hiyo siku nne. Nikimwita chakulani, sawa mama. Nikimtuma sokoni, sawa mama. Wenzake, nilikuja kusikia baadaye, walikuwa wamemuuliza kama kiswaswadu chake, ndivyo wanavyoviita vitochi, kinatumia umeme au mafuta ya taa. Siku ya tano nikamwambia afungashe nguo aende kwa bibi yake kijijini, nami nikapata nafuu.

Lakini safari hiyo haikuwa ya kumwondoa machoni pangu tu. Ilikuwa na kazi yake.

Mama yangu anakaa bara, saa tatu kutoka hapa ukihesabu na kile kipande cha bodaboda. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, pamoja na mikorosho thelathini na kitu. Wakati huo jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaanza kuingia ukungu. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, na mama alikuwa akiziokota kwa kupapasa na nyayo. Anatembea pekupeku chini ya mkorosho, mguu ukigusa korosho anainama. Kwa njia hiyo bado alikuwa akiokota nyingi kuliko mimi ninayeona.

Tangazo lilikuwa limepita kwamba madaktari wa macho wangekuja Lindi kwa siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, kuwatoa watu mtoto wa jicho. Mtu anaingia leo, kesho anarudi kwao na macho yake. Nikaenda kumwandikisha mama siku hiyo hiyo, nikapata nafasi ya Alhamisi. Kisha nikapanda gari kwenda kumpa habari njema.

Mama ni mtu wa adabu za zamani, na adabu yake kubwa ni hodi. Kwake hodi ni tatu. Ukiitikiwa unaingia, usipoitikiwa unageuza unarudi ulikotoka, na wala huruhusiwi kununa, kwa kuwa mwenye nyumba ana haki ya kuwa na shughuli zake. Nikiwa mdogo alinituma kuazima ungo nyumba ya tatu, nikapiga hodi tano kwa sababu nilikuwa nasikia watu wanacheka ndani. Mama alinisikia akiwa uani kwetu. Alinirudisha pale pale kuomba radhi kwa zile hodi mbili za ziada, na ungo sikupewa.

Basi nikapiga hodi moja, nikakaribishwa. Nilimkuta uani na majirani wawili, wanawake wa rika lake, wanabangua korosho. Na hapo nikafanya kosa. Nikamweleza habari ya madaktari mbele ya watu.

Mama akasema jicho ni lake. Akasema kuna mzee mmoja alikwenda na jicho moja bovu akarudi amefungwa kitambaa machoni, na mpaka leo kitambaa ndicho kinachomwongoza. Akasema korosho hazimngojei mtu arudi hospitali. Majirani wakaitikia kwa vichwa. Mimi nina hasira za karibu, na sikuziokota barabarani, nilizaliwa nazo na aliyenizaa alikuwa amekaa mbele yangu. Nikamwambia sitambembeleza tena, sitampigia simu kupitia kwa mtu wala kumtumia salamu, na siku akitaka kuona ataniita mwenyewe.

"Sitakuita," akasema.

Majirani waliendelea kubangua, ila polepole, ili wasikose neno. Nikaaga, nikaondoka bila kunywa chai.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya binti yangu. Kwa mdomo nilimwambia anakwenda kumsaidia bibi yake kuokota korosho, na kweli angeokota. Lakini nilimwambia pia kwamba zimebaki wiki mbili na siku chache, na kwamba jicho la pili likifuata la kwanza bibi yake atabaki gizani katika nyumba ile, peke yake. Wale wawili ni watani. Marehemu baba alikuwa akimwita mjukuu wake mke mdogo, kwa hiyo mpaka leo mama humwita binti yangu mke mwenza, na wanagombania mume aliyezikwa miaka sita iliyopita. Niliona kwamba kama kuna mtu wa kumlainisha mama, ni mke mwenzake.

Tukapanga alama. Kupiga simu kunakula vocha, kubipu hakuli kitu, na mimi napenda utaratibu. Bipu moja asubuhi maana yake tumeamka salama. Bipu mbili mfululizo, nipigie. Bipu tatu mfululizo, bibi amekubali, njoo umchukue. Nikaziandika kwenye kijitabu changu, nikamwandikia na yeye kwenye karatasi. Nikamkumbusha kwamba mimi sitapokea, kwa kuwa bipu haipokelewi. Mtu anayepokea bipu amevunja mapatano ya nchi nzima.

"Sawa, mama," akasema, akapanda gari.

Kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda kama nilivyoyaandika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia kidogo, inakata. Naandika: salama. Jumapili nikampigia kama tulivyokubaliana, tukazungumza. Mtandao wa kijiji kile uko mahali pamoja tu ndani ya nyumba, karibu na dirisha la sebuleni, na binti alikuwa amepigilia msumari ukutani pale na kukitundika kitochi kwa kamba. Alipokuwa shambani kilibaki hapo hapo. Akaniambia kwa sauti iliyoanza kuchangamka kwamba bibi amekinyang'anya. Anasikiliza redio mchana kutwa, taarifa ya habari na mawaidha, na vitufe ameshavijua kwa vidole. Juu ya namba tano kuna kitone kilichoinuka kidogo, bibi anakipapasa hicho kwanza, halafu anajua nyingine ziko wapi.

"Nimemtengenezea ile tano, mama. Akiibonyeza akaishikilia, inakupigia wewe."

Nikamuuliza bibi alisemaje. Akasema bibi alicheka, akasema hana la kuzungumza na karani.

Niliudhika kidogo, nikabadilisha mazungumzo.

Jumatatu yake ndipo ilipoanza bipu ya saa nne. Nilikuwa ofisini, simu nimeiweka kwenye mtetemo kama inavyotakiwa, ikatetema mezani, ikakata. Namba ya binti. Nikaangalia kijitabu. Bipu moja ni salama, lakini salama ya siku hiyo nilikuwa nimeshaipokea asubuhi. Nikaandika: salama, mara ya pili. Jumanne ikaja tena saa nne. Jumatano tena. Kila mara inatetema muda ule ule, kama pumzi tatu hivi, inakata. Nikajua mtoto anachezea simu. Ndiyo maana nilimkatalia tachi, nikajisemea, kama kitochi tu kinamshinda.

Jioni ya Jumatano nikampigia, ingawa haikuwa Jumapili. Nikamwambia aache kunibipu saa nne, niko kazini.

"Sijabipu mimi, mama. Saa nne niko shambani."

Nikamwambia asinidanganye, namba ni yake.

"Labda ni bibi."

Nikamwambia asimsingizie bibi yake, mtu asiyeona hata kijiko kwenye sahani. Nikamsikia anageuka kumuuliza bibi, na nikamsikia mama kwa mbali anasema, yeye ana shida gani ya kupiga simu. Binti akarudi kwenye simu.

"Sawa, mama," akasema.

Tangu hapo ile bipu ya asubuhi aliendelea kuipiga, kwa kuwa ni mtoto anayetimiza, lakini Jumapili iliyofuata alizungumza na mimi kama mtu anayejaza fomu. Bibi mzima. Korosho zipo. Habari ya macho kasema hataki kuisikia. Nami nilikuwa nimeshaamua kwamba ya saa nne nisiitazame kabisa. Lakini niliendelea kuiandika. Karani haachi kuandika kwa sababu ya hasira.

Madaktari wakafika Lindi. Jumatatu hakuna bipu tatu. Jumanne hakuna. Jumatano nikaomba ruhusa ya kesho yake kwa mkubwa wangu wa kazi, na Alhamisi nikaenda hospitali alfajiri, nikakaa kwenye benchi na wazee wa watu. Sijui nilikuwa nangojea nini. Nadhani nilikuwa naamini kwamba mama atatokea tu getini, amekuja mwenyewe kwa hasira. Ilipofika karibu saa nne jina lake likaitwa. Nikasimama, nikasema hajafika. Muuguzi akauliza kama yuko njiani. Na wakati ananiuliza simu ikatetema mkononi mwangu, pumzi tatu, namba ya binti. Nikaitumbukiza kwenye mkoba. Nikasema hayuko njiani. Nafasi akapewa mzee mmoja aliyekuja bila kuandikishwa, akanishukuru mpaka nikaona haya. Muuguzi akaniambia madaktari wanaondoka Ijumaa, na wakijaliwa watarudi mwakani wakati kama ule.

Jumamosi nikapanda gari kwenda kijijini. Nilikuwa nakwenda kugomba. Nilikuwa nimepanga maneno ya mama na maneno ya binti, kila mmoja na yake, na njia nzima nilikuwa nayapitia nisije nikayachanganya. Bodaboda ilinishusha barabarani, nikaja kwa miguu mpaka uani.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa peke yake sebuleni, amekaa kwenye mkeka, redio ya kitochi inasoma habari za mbali. Hakunisikia. Nikasimama pale nje nikivuta pumzi ya kuanzia ugomvi. Redio ikasema ni saa nne kamili. Mama akainuka. Akaenda kwa kufuata ukuta na kiganja mpaka dirishani, akapapasa, akakitoa kitochi msumarini, akaizima redio. Kidole gumba kikatembea juu ya vitufe, kikasimama katikati, kikabonyeza. Akakishikilia kwa muda mrefu, mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakiweka sikioni.

Mkoba wangu ukaanza kutetema ubavuni.

"Hodi," mama akasema.

Alisema taratibu, kama mtu aliyesimama barazani kwa watu. Akangoja. Mkono wake wa pili ukapanda kichwani, ukaweka kanga vizuri.

"Hodi."

Akangoja tena.

"Hodi," ya tatu, na hiyo ilikuwa ya chini kuliko zote. Kisha akakata. Akakifuta kitochi kwa pindo la kanga, akakitundika mahali pake, akarudi kukaa. Hakununa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta wenyewe hawapo na ambaye atapita tena kesho.

Mkoba wangu ukanyamaza. Ndani yake mlikuwa na kijitabu ambamo nilikuwa nimeandika salama, salama, salama, siku kumi na mbili. Mama yangu alikuwa amepiga hodi tatu mlangoni kwangu kila siku kwa siku kumi na mbili, nami nilikuwa nimeketi ndani nahesabu. Sikujua la kufanya, nikafanya alilonifundisha.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akaitikia kabla sijafunga mdomo, na hakuuliza ni nani.

Nikaingia, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipapasa mkono mpaka kwenye bega, akasema nimekonda. Nikakaa mkekani. Yale maneno niliyopanga njiani sikuyaona tena. Nikamuuliza kama alikuwa ananipigia simu.

"Nilikuwa napiga hodi," akasema. "Hukuitika, nikajua una shughuli za serikali."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtoto anipigie.

"Nimwambie mke mwenzangu kwamba nimeogopa? Na wewe ulisema nikuite mwenyewe. Nikakuita mwenyewe."

Kisha akanieleza, bila haraka, alichokuwa akikitaka. Alikuwa ameshasema mbele ya majirani kwamba haendi. Hawezi mtu mzima kusema haendi asubuhi akaonekana anakwenda jioni. Alitaka nije nimchukue kwa ukali. Nije nigombe, nimshike mkono, nimpakie kwenye gari yeye anakataa, watu waone kwamba kalazimishwa na mwanawe. Angelalamika mpaka hospitali. Alikuwa ameshafungasha na kanga mbili, zilikuwa pale chini ya kitanda kwenye mfuko.

Nikamwambia madaktari wameondoka jana.

"Jana?"

"Jana, mama."

Akatikisa kichwa kidogo. Akaniuliza kama nimekula.

Nililia. Sikutaka asikie, na kuona hakuweza, kwa hiyo nililia kwa utaratibu, mdomo wazi, machozi yanaingia kwenye kola. Akaniuliza kama nina mafua. Nikasema ni vumbi la njiani. Akasema barabara ile ina vumbi kweli, akainuka kwenda kuniwekea maji ya chai, kwa kufuata ukuta.

Binti akarudi saa sita, ndoo ya korosho kichwani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Aliponiona uso wake ukafungika. Nikamngojea atue ndoo. Kwetu mzazi haombi radhi kwa mtoto. Anaweza kumpikia kitu anachokipenda, au kumwambia apumzike leo vyombo ataviosha yeye, na mtoto akaelewa. Nami nilifikiri juu ya kupika. Lakini jikoni kulikuwa na kisamvu tu, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko kisamvu. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia hakunidanganya, mimi ndiye sikumsikia, na kwamba naomba anisamehe. Alinitazama kama mtu aliyemwona mbuzi anafunga mlango. Akamgeukia bibi yake. Bibi akajifanya anasikiliza redio iliyokuwa imezimwa.

"Na wewe, bibi," binti akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Ulisema huna shida ya kupiga simu."

Mama akakiri kwamba alisema hivyo. Akasema ilikuwa ni uongo wa mtu mzima, hauhesabiwi, lakini kwa kuwa ni mke mwenzake, basi na yeye anamwomba radhi. Binti akakaa chini katikati yetu, akaanza kujipangusa miguu.

"Sawa, mama," akasema mwishoni. Ilikuwa sawa nyingine kabisa. Nilikuwa sijaisikia tangu siku ya boksi.

Wakati wa kuondoka mama alitusindikiza mpaka uani. Majirani wale wawili walikuwa wameshaweka mikeka yao upande wa pili wa ua, korosho mbele yao. Mama akanivuta karibu, akaninong'oneza kwamba nimgombeze kidogo juu ya macho, ili mwakani nikija kumchukua watu wasishangae. Nikaanza. Nikasema yeye ni mkaidi, ataniletea aibu mjini, watu wataniuliza mama yako unamwachia apofuke kwa nini.

"Paza sauti," akanong'ona.

Nikapaza. Yeye akanijibu kwa nguvu kwamba jicho ni lake na hakuna wa kumpangia. Nikasema mwakani nitakuja na gari na kamba. Akasema nije na kamba mbili. Tulikwenda hivyo kwa dakika kadhaa, na sijawahi kuwa na mazungumzo marefu namna ile na mama yangu. Majirani waliacha kabisa kubangua.

Kitochi tulimwachia. Binti alirudi Rasbura mikono mitupu, na baada ya mwezi nikamnunulia simu ya tachi, kwa muuza simu yule yule, ambaye hakusema neno. Sasa anacheka peke yake kama yule wa jirani. Juzi nilimuuliza anacheka na nani, akanionyesha. Alikuwa ni mtu anayejaribu kumpandisha kondoo kwenye bodaboda. Nilicheka na mimi, nikamrudishia.

Simu yangu hutetema saa nne, siku nyingi. Huwa naipokea kabla haijatetema mara ya pili, hata kama mbele yangu pana watu, na sisemi haloo, nasema karibu. Waliosimama dirishani pa masjala hudhani nawaambia wao, husogea na makaratasi yao, nami huwanyooshea mkono wangoje. Upande wa pili mama hukaa kimya kidogo, kama anayevua viatu. Ananiuliza hali, ananieleza redio imesema nini. Siku nyingine hana neno.

"Nilikuwa napita tu," husema, na kukata.

Wiki iliyopita saa nne ilifika, ikapita. Saa tano ikafika. Nilikuwa nimeshasimama kwenda kuomba ruhusa simu ilipotetema. Nikasema karibu. Mama alikuwa anahema. Akasema amechelewa kwa sababu msumari umehama, ameutafuta ukuta mzima. Nikamuuliza nani kauhamisha. Akasema hajui, labda watoto wa jirani. Imebaki miezi mitano madaktari waje.

Nikamwambia nitakuja Jumamosi niurudishe mahali pake. Nilikwenda na nyundo. Msumari ulikuwa pale pale dirishani ulipopigiliwa na binti yangu, haujasogea hata kidogo. Mama akasimama nyuma yangu, mkono wake begani pangu, akiniangalia kwa ukungu wa jicho lake la kulia. Nikaugonga msumari kichwani mara tatu, pale pale ulipo. Kisha nikamshika mkono, nikauweka juu ya msumari, akaupapasa, akasema hapo sawa, sasa umerudi.